Kitendawili Kwenye Mtihani wa Kiingereza

Mtahiniwa wa kidato cha nne nchini Kenya anapofunua karatasi ya kwanza ya Kiingereza hukuta mambo aliyoyazoea: andika barua, jaza mapengo katika kifungu. Halafu, akienda mbele kidogo, huenda akakutana na kitendawili. Wala si kitendawili cha Waingereza. Ni kile kile ambacho nyanya yake angemtegea usiku baada ya chakula, ila sasa kimevishwa Kiingereza na kutiwa alama pembeni. Chini yake anaulizwa kitendawili hutegwa kwa hatua gani. Au amewekewa hadithi fupi ya sungura na fisi, kisha anaulizwa: lau wewe ndiwe mtambaji, ungefanya nini ili wasikilizaji wasikusinzilie? Naye hulijibu swali hilo kwa kalamu, katika chumba ambacho hata kukohoa kunamfanya msimamizi ageuke.

Waliopita katika shule hizo hawalioni ajabu jambo hili. Ni sehemu ya silabasi kama zilivyo nomino na vitenzi. Lakini nyanya na sungura wake hawakualikwa katika somo la Kiingereza tangu mwanzo. Waliingizwa, tena kwa mabishano ya miaka mingi, na waliowaingiza walikuwa na swali ambalo kila mwalimu wa Kiingereza katika pande zetu amewahi kujiuliza akiwa mbele ya darasa linalopiga miayo: hivi haya ninayofundisha yanawahusu nini watoto hawa?

Turudi nyuma hadi Januari 1955. Kijana wa Limuru aitwaye James Ngugi anaingia Alliance High School, kule Kikuyu, shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1926 na muungano wa makanisa ya Kiprotestanti. Mwalimu mkuu ni Carey Francis, Mwingereza aliyeacha kufundisha hesabu Cambridge mwaka 1928 akaja Maseno, kisha mwaka 1940 akahamia Alliance na kukaa huko hadi 1962. Nchi iko chini ya Hali ya Hatari. Kaka yake Ngugi yuko msituni na Mau Mau. Muhula wa kwanza unapokwisha, kijana anarudi kwao na sare yake mpya, anafika mahali penye boma lao na hakuti kitu. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishiwa kijiji kipya kinacholindwa na askari. Mwenyewe alikuja kuyasimulia hayo miaka mingi baadaye katika kumbukumbu zake, na ukiyasoma unaona kwamba kilichomkaa moyoni ni ile ajabu ya kusimama pale na sanduku la shule mkononi, hajui aelekee wapi.

Sasa liweke jambo hilo kando ya somo la Kiingereza. Tangu shule ya msingi, vitabu vya kujifunzia kusoma vilikuwa vimemjulisha na watoto wawili, John na Joan, wakazi wa Oxford huko Uingereza. Walikofika wao na yeye alifika, kwa kurasa. Aliujua mto Thames kabla hajaiona Mombasa. Na Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, shule huru za Wagikuyu zilichukuliwa na serikali na Kiingereza kikawa amri. Mtoto aliyenaswa akiongea Kigikuyu katika uwanja wa shule alichapwa, au alivishwa kibao shingoni chenye maneno ya kumtangaza kuwa ni mjinga, ni punda. Namna ya kumnasa ilikuwa ya werevu mbaya: mmoja hupewa kifungo asubuhi, naye humkabidhi yeyote anayemsikia akiteleza, huyo naye humwindia mwenziwe, na jioni mwenye kifungo huitwa mbele aimbe aliyempa, na aliyempa aimbe aliyempa yeye. Kila mtoto akawa mpelelezi wa mtoto mwenziwe. Kibao hicho tukiweke akilini, tutakutana nacho tena.

Hata hivyo haki ni haki. Ukiuliza ni somo gani la Kiingereza lililowachangamsha wavulana wa Alliance miaka hiyo, jibu litakuwa Shakespeare. Kila mwaka shule iliigiza mchezo wake mmoja. Wavulana walishona maleba, wakajibandika ndevu, wengine wakavaa nguo za kike kwa kuwa wasichana hawakuwepo, na ukumbi ukajaa. Vijana ambao nje ya ua wa shule walitakiwa kuonyesha pasi kwa askari walisimama jukwaani wakawa wafalme na wenye kuwapindua wafalme. Maneno yalikuwa ya karne ya 16 na ya 17, ya nchi ya mbali, na nusu yake hayakueleweka vizuri, lakini yalipita kinywani, yakatembea kwa miguu. Sidhani ni bahati tu kwamba Julius Nyerere, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule Tabora na Pugu, akiwa na nchi changa ya kuongoza bado alipata nafasi ya kuifasiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Mtu hajitwishi kazi ya namna hiyo kwa kitabu kilichomchosha darasani.

Kwa hiyo shida haikuwa Shakespeare peke yake. Shida ilikuwa kwamba hapakuwa na mwingine. Mtihani wa mwisho ulitungwa na Cambridge, karatasi zikarejeshwa Uingereza kusahihishwa, na kilichokuwa mtihanini ndicho kilichofundishwa. Ukienda juu zaidi, Makerere, mambo ni yale yale: chuo kilikuwa kikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London. Ngugi alifika huko mwaka 1959 kusoma Kiingereza, na alichosoma ni mfululizo wa waandishi wa Uingereza kuanzia wa kale mpaka wa karne ya 20. Fasihi ya Afrika ilikuwa kitu cha kuandikwa usiku, baada ya masomo.

Nayo ilikuwa ikiandikwa. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana hapo hapo Makerere. Chinua Achebe alikuwepo, na mwanafunzi Ngugi alimpelekea muswada wake asome. Mwaka huo huo kampuni ya Heinemann ya London ilianzisha mfululizo wa vitabu vya bei nafuu vya waandishi wa Afrika, namba moja ikiwa ni Things Fall Apart, riwaya ya Achebe iliyokwisha kutoka kwa jalada gumu mwaka 1958. Achebe akafanywa mshauri wa mfululizo huo kwa miaka 10 ya mwanzo. Muswada wa kijana wa Limuru ulitoka mwaka 1964 kwa jina la Weep Not, Child, na The River Between ukafuata 1965. Soko lililotegemewa lilikuwa shule. Kitabu kikichaguliwa kwa mtihani, kimeuzwa. Kisipochaguliwa, basi kinangojea wateja wachache wa maduka ya mjini. Ndiyo maana historia ya fasihi yetu ya Kiingereza haiwezi kusimuliwa bila kuitaja silabasi kila baada ya hatua mbili.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Bendera ilibadilika usiku mmoja. Orodha ya vitabu vya kidato cha nne haikuwa na haraka hiyo.

Mwaka 1967 Ngugi alirudi kutoka masomoni Leeds, akaajiriwa kufundisha katika Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Tarehe 20 Septemba 1968 kaimu mkuu wa idara, James Stewart, alipeleka mbele ya bodi ya Kitivo cha Sanaa waraka wa mapendekezo: idara ipanuke vipi, ishirikiane vipi na idara nyingine za lugha, ifungue vipi milango kidogo kwa maandishi mapya. Ulikuwa waraka wa kiofisi, wenye nia njema, wa aina inayopitishwa chai ikinywewa. Haukupitishwa hivyo. Tarehe 24 Oktoba 1968 watu watatu walijibu kwa waraka wao ambao anwani yake ilitosha kuwaamsha wajumbe: walitaka Idara ya Kiingereza ifutwe.

Watatu hao hawakufanana. Ngugi alikuwa na miaka 30 na riwaya tatu. Jina la James angeliacha baadaye na kujiita Ngũgĩ wa Thiong'o. Taban lo Liyong alikuwa amerudi karibuni kutoka Marekani, mtu wa maneno makali na utani mkali zaidi, ambaye miaka michache kabla aliikashifu Afrika Mashariki kwamba ni jangwa la fasihi, na waandishi wa hapa hawajamsamehe mpaka leo, ingawa wengi wao walianza kuandika kwa hasira ya maneno hayo. Wa tatu, Henry Owuor-Anyumba, ndiye asiyetajwa sana. Yeye alikuwa mtu wa nyimbo na ngano za Waluo, mtafiti aliyekuwa akienda vijijini kusikiliza. Kwa maoni yangu, kama tunatafuta aliyemkaribisha nyanya darasani, tuanze na huyu.

Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kumeza. Idara iliichukulia fasihi ya Uingereza kuwa shina, na nyingine zote kuwa matawi ya kuongezwa nafasi ikipatikana. Wao walisema shina liwe hapa tulipo. Anza na Kenya na Afrika Mashariki, toka uende Afrika nzima, vuka bahari kwa watu weusi wa Karibi na Marekani, kisha Ulaya na kwingineko. Hawakusema Shakespeare atupwe. Walisema asiwe mlango wa mbele. Walitaka Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa vyote vifundishwe. Na walitaka fasihi simulizi, yaani ngano, nyimbo, methali, vitendawili, isomwe kama fasihi kamili badala ya kuachiwa wanaanthropolojia waitie kwenye makabati yao. Walisisitiza kwamba mapokeo hayo bado yana uhai, watu wanaendelea kutunga, na mwanafunzi anayeyasoma atajifunza mengi kuhusu kutunga ambayo vitabu havimpi.

Wapinzani nao walikuwa na lao, na si wote walikuwa wakoloni wa moyoni. Walihofia viwango. Walihofia kwamba kijana wa Nairobi atakosa kile ambacho mwenziwe wa London au Ibadan anakipata. Walihoji pia vitabu vyenyewe viko wapi, swali ambalo mwaka 1968 lilikuwa na uzito. East African Publishing House ilikuwa imetoa Song of Lawino ya Okot p'Bitek miaka miwili tu kabla ya hapo, na vitabu vya namna hiyo vilikuwa vya kuhesabika. Mabishano yakaendelea, yakaingiliwa na migomo na kujiuzulu. Ngugi mwenyewe aliacha kazi mwaka 1969 akarudi 1971. Mwisho wa yote, Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kilikwisha kujitegemea mwaka 1970, kilikuwa na Idara ya Fasihi. Neno Kiingereza lilikuwa limeondoka mlangoni. Mwaka 1973 Ngugi akawa mkuu wa idara hiyo.

Chuo kikuu lakini ni kitu kidogo. Idara inafundisha mamia, shule za sekondari zinafundisha maelfu kwa maelfu, na mhitimu aliyesomea fasihi mpya alikuwa akiajiriwa shuleni na kukabidhiwa silabasi ya zamani. Hivyo mwaka 1974 idara iliwaita walimu wa sekondari, wakaguzi wa wizara na watu wa mitaala wakutane Nairobi School kujadili ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika mashuleni. Mahali penyewe palikuwa na ucheshi wake. Nairobi School ndiyo iliyokuwa Prince of Wales School, iliyofunguliwa mwaka 1931 kwa wana wa walowezi.

Ninapenda kuufikiria mkutano ule kutoka upande wa mwalimu wa kawaida, aliyepanda basi kutoka mkoani akiwa na daftari. Maprofesa wanamwambia afundishe ngano za jamii ya mwanafunzi. Darasani kwake kuna jamii tano. Ngano ziko katika lugha tano, na yeye anaijua moja. Anatakiwa azifundishe kwa Kiingereza. Hakuna kitabu. Mtihani hauulizi. Hata leo, mwalimu akiambiwa alifanye somo liwaguse wanafunzi, mashaka yake ni hayo hayo, na hayatokani na ukaidi wala uvivu. Mkutano ulisikia mashaka hayo, ukaunda kamati ya kuandaa mapendekezo ya vitabu na silabasi, na mihadhara yake ikahaririwa na Eddah Gachukia na Kichamu Akivaga, ikatoka kama kitabu mwaka 1978.

Jambo moja lilikuwa limeanza kuwa jepesi: mtihani ulikuwa umerudi nyumbani. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki liliundwa mwaka 1967 kuupokea mzigo kutoka Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971 na baraza lake mwenyewe likaundwa kwa sheria ya 1973. Kenya ikapata lake mwaka 1980. Sasa aliyetunga swali na aliyelijibu walikuwa wanaishi chini ya mvua moja.

Ngugi hakuwepo kuusukuma mkokoteni katika mteremko huo. Katika Petals of Blood, iliyotoka mwaka 1977, alichora shule iitwayo Siriana, ambako mwanafunzi aitwaye Chui anaongoza mgomo dhidi ya mkuu Mzungu, kisha miaka inapita, Chui anarudi akiwa mkuu, wanafunzi wanamdai fasihi ya Kiafrika, naye anawarudishia Shakespeare na nidhamu ya yule yule Mzungu. Mwisho wa mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya tamthilia ya Kigikuyu iliyochezwa na wakulima na vibarua wa Kamiriithu, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Kazi yake chuoni hakuipata tena.

Fasihi simulizi iliendelea bila yeye, kwa mikono ya watu wenye subira. Mwaka 1982 Akivaga na Asenath Bole Odaga, mwandishi wa Kisumu, walitoa kitabu cha fasihi simulizi kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari. Mwaka uliofuata Jane Nandwa na Austin Bukenya wakatoa chao. Naomi Kipury akachapisha fasihi simulizi ya Wamaasai. Hivyo ndivyo lile swali la mwaka 1968, vitabu viko wapi, lilivyojibiwa: watu walikwenda wakakaa na wazee, wakarekodi, wakafasiri, wakapanga. Na ndani ya vitabu hivyo mlikuwa na agizo ambalo kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko yote. Mwanafunzi aliambiwa aende kwao akakusanye.

Mimi nilikuwa kidato cha pili mwaka 1991, katika shule ya bweni ya pwani ambayo sitaitaja, pale mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa bara, alipotupa kazi ya likizo: kila mmoja alete hadithi moja kutoka kwa mzee wa kwao, iliyofasiriwa kwa Kiingereza, pamoja na maelezo ya nani ameisimulia, wapi, na wasikilizaji walifanya nini. Nilimwendea nyanya akiwa anachambua mchele. Akaniuliza ni mwalimu wa dini aliyenituma? Nikamwambia hapana, wa Kiingereza. Aliweka ungo chini. "Wa Kiingereza," akasema, "anataka hadithi zangu?" Nikamwambia ndiyo, na zitatiwa alama. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso, kisha akaniambia hadithi haziambwi mchana, nije baada ya isha.

Usiku ule alisimulia kama ambavyo hajawahi kusimulia. Alijua anaandikwa. Wajukuu wadogo walikusanyika, jirani akaja na mtoto mgongoni, na mimi nikaandika kwa mwanga wa kandili mpaka vidole vikaniuma. Nilikuwa nimeisikia hadithi ile mara kumi na sijawahi kugundua kwamba fisi huwa na sauti ya puani, wala kwamba nyanya hunyamaza muda kabla ya mlango kufunguliwa. Niliyagundua kwa kuwa mwalimu alitaka niyaeleze. Kuyaeleza kwa Kiingereza ilikuwa taabu tupu. Kwa mara ya kwanza nililitafuta neno la Kiingereza kwa sababu nina haja nalo, si kwa sababu liko kwenye zoezi. Nilipekua kamusi siku tatu nikitafuta namna ya kuitaja ile sauti ya fisi.

Tukarudi shule Jumatatu. Jumanne nilivishwa diski. Ndiyo, kile kibao cha Limuru cha 1952 kilikuwa hai na afya yake, katika umbo la kipande cha mbao chenye kamba, na kilipitishwa mkono kwa mkono kwa utaratibu ule ule. Kosa langu lilikuwa kumwigizia mwenzangu, kwa Kiswahili, jinsi nyanya alivyoisimulia hadithi ya Kiingereza. Kwa wiki nzima nilifagia mabweni. Hakuna aliyeiona kinaya hiyo, mimi mwenyewe nikiwemo. Kwetu Kiingereza cha hadithi za nyanya na Kiingereza cha diski vilikuwa mambo mawili yaliyokaa katika nyumba moja bila kusalimiana.

Wakati huo mfumo mzima ulikuwa umekwisha kubadilishwa. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya shule ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulianza mwaka 1985, kidato cha kwanza chake kikaingia 1986, mtihani wake wa kwanza wa kumaliza sekondari, KCSE, ukafanywa 1989, na ndani yake Kiingereza na fasihi viliunganishwa kuwa somo moja. Nia ilikuwa nzuri: lugha ifundishwe kupitia fasihi, na kila mwanafunzi, hata anayekwenda kusomea umekanika, asome angalau riwaya na tamthilia. Matokeo yakawa nusu kwa nusu. Vitabu teule vikawa mali ya taifa zima, jambo ambalo si dogo. Betrayal in the City ya Francis Imbuga, The River and the Source ya Margaret Ogola, Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye: waambie Wakenya wa rika fulani majina haya wakiwa katika matatu na mazungumzo yataanza. Lakini mtihani una tumbo kubwa. Ulivimeza vitabu vya Kiafrika kama ulivyommeza Shakespeare, na vijitabu vya mwongozo vikajaa madukani, vyenye muhtasari wa kila sura na orodha ya maudhui ya kukariri. Ninawajua watu waliopata alama ya A kwa Okonkwo, mhusika mkuu wa Things Fall Apart ya Achebe, bila kukifungua kitabu.

Kilichouokoa mchezo ni kuchezwa. Vikundi vya waigizaji vilizunguka shule kwa shule na vitabu teule, kiingilio cha pesa kidogo, jukwaa likiwa ni meza za ukumbi wa kulia chakula zilizosogezwa pamoja. Nimeiona Betrayal in the City hivyo. Nchi yake inaitwa Kafira, na nakumbuka ukumbi ulivyoguna mvulana mmoja aliponong'ona kwamba ukizipanga upya herufi hizo unapata Afrika. Ila aliyetuua kwa kicheko ni Mulili, jamaa wa Boss, mtawala wa nchi hiyo, askari aliyepandishwa cheo kwa undugu, anayekivunja Kiingereza vipande vipande huku watu wamenyamaza kwa kumwogopa. Tulicheka mpaka walimu wakasimama. Fikiria ni akina nani waliokuwa wakicheka: watoto waliovishwa kibao kwa Kiingereza kibovu, wakimtazama mwenye mamlaka ambaye Kiingereza chake ni kibovu kuliko chao na hakuna wa kumvisha. Usiku ule bwenini kila mtu alikuwa Mulili. Ili uigize makosa yake sawasawa lazima ujue sahihi yake ni ipi, na sijui zoezi la sarufi lililotufunza zaidi.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, njia ilikuwa nyingine, na ninaipitia kwa haraka kwa kuwa ni hadithi inayostahili makala yake. Huko mtoto alimaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha masomo yote ya sekondari yakageuka ghafla kuwa Kiingereza. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ihamie Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima hali wakakuta ni kama asilimia 10 tu ya kidato cha nne waliokuwa na Kiingereza cha kutosha kuanza kusomeshwa kwa lugha hiyo. Hao walikuwa wanamaliza. Mradi uliofuata mwaka 1987, kwa fedha za Uingereza, uliweka mkazo katika vitabu vyepesi vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, ambavyo mwanafunzi hujisomea mwenyewe bila mtihani. Hapo ndipo ninapoona upungufu wa vita vya Nairobi. Walibishana kitabu kiwe cha nani, na walikuwa na haki. Lakini riwaya ya jirani yako usiyoweza kuisoma haina tofauti kubwa na ya Mwingereza usiyoweza kuisoma.

Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Magazeti yaliandika juu ya riwaya, kifungo, uhamisho, na zawadi ya Nobel ambayo hakuipata. Waraka wa 1968 ulipewa mstari mmoja hapa na pale, na ule mkutano wa walimu wa 1974 sikuuona ukitajwa.

Daftari langu la kidato cha pili ninalo. Karatasi zimegeuka rangi ya chai, na hadithi ya nyanya imejaa kurasa nne. Nilikuwa nimeanza kama alivyoanza yeye, kwa kuwa mwalimu alisema tusiache kitu: Paukwa, na wasikilizaji wakajibu Pakawa. Niliyaacha maneno hayo kama yalivyo kwa sababu kamusi haikunisaidia, na kusema kweli hata nyanya nilipomuuliza maana yake alinitazama kama niliyeuliza maana ya kupiga hodi. Nimepewa 13 kwa 20. Sauti ya fisi imewekewa alama ya vema. Na juu kabisa, mwanzoni mwa ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu na kwa Kiingereza safi, mwalimu ameandika swali: huyu Paukwa ni nani, na mbona hatajwi tena katika hadithi?